Dhahabu Iliyobaki Chini ya Maji

Mwalimu wetu wa Kiingereza kule Louisville alikuwa mama mzee wa Australia. Alikuja Amerika kwa ndoa, mume akafariki, yeye akabaki na nyumba, paka, na lafudhi ambayo hata Wamarekani walimwomba arudie maneno. Kila Jumamosi asubuhi alitufundisha bure katika ukumbi wa kanisa, sisi Wakongo tuliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania, pamoja na Warundi wachache waliopenda kukaa nyuma karibu na hita.

Huo ulikuwa mwaka 2015. Mimi na mume wangu tuliishi Highview, ghorofa ya juu, na watoto wetu watatu waliozaliwa kambini. Yeye alipakia maboksi kwenye ghala. Mimi nilitunza wazee, kuwaogesha na kuwalisha. Maisha yalikuwa yameanza kushika njia. Watoto walikuwa wakitujibu kwa Kiingereza, na mume wangu alikuwa amejifunza kutaniana na bosi wake.

Siku moja mwalimu alisema kila mtu alete picha ya kwao, aielezee mbele ya darasa. Tukatazamana. Sisi tulivuka Ziwa Tanganyika usiku na sufuria moja; picha angebeba nani? Mwalimu alielewa. Akasema basi ataanza yeye, na wiki iliyofuata akaja na picha kubwa ya kijivu, imebandikwa kwenye karatasi ngumu.

"Hapa ndipo nilipozaliwa," alisema, "ila picha hii ilipigwa kabla hata bibi yangu hajazaliwa."

Ilikuwa picha ya kambi ya dhahabu. Mahema ya turubai yalikuwa yamesimama bila mpangilio kwenye matope, mengine yakiwa na bomba la moshi lililotengenezwa kwa mapipa. Wanaume wenye ndevu walisimama kando ya mashimo, mikono imeshika kamba. Mwanamke mmoja aliinama juu ya sufuria, uso wake haukuonekana, labda alitikisika wakati wa kupigwa picha. Nyuma yao kilima kizima kilikuwa visiki vitupu.

Sote tulisogea mbele tuone. Mume wangu hakusogea na wenzake. Alingoja watu wamalize, kisha akaichukua ile picha, akaenda nayo dirishani kwenye mwanga. Akakaa nayo muda mrefu.

"Miti ilienda wapi?" alimuuliza mwalimu.

"Waliikata yote. Kuni, nyumba, na nguzo za kuzuia mashimo yasiporomoke."

Mume wangu akanigeukia, akasema kwa Kiswahili chetu, "Mama, hapa ni kwetu."

Na kweli palikuwa kwetu. Nilifika kwenye kambi ya dhahabu nikiwa na miaka kumi na saba, nikimfuata shangazi yangu aliyekuwa akiuza fufu na maharagwe. Ilikuwa juu ya mlima mmoja wa Fizi, mashariki mwa Kongo, mwendo mrefu kutoka barabarani. Nyumba zetu zilikuwa miti na turubai, zimeshikilia mteremko kama kupe kwenye ng'ombe, na kila msimu wa mvua mlima ulichukua moja au mbili. Kabla jua halijatoka wanawake wa kutwanga mawe, tuliowaita matwangezi, walikuwa wameshaanza kazi, na mlio wa vyuma vyao ndio uliotuamsha. Mto wetu ulikuwa rangi ya chai ya maziwa. Tulifulia humohumo, nguo nyeupe ikawa nyekundu, na ukimwona mtu na shati jeupe unajua ni mnunuzi wa dhahabu au ni mwanajeshi asiye zamu. Dhahabu yenyewe ilipimwa kwa njiti za kiberiti. Mwenye shimo aliitwa PDG, kama mkurugenzi wa benki, hata kama analala kwenye turubai lililotoboka.

Kitu ambacho sikukizoea ni sauti za chini. Wachimbaji walipofuata mshipa wa dhahabu hawakuuliza juu yake kuna nini. Ungeweza kulala kwenye mkeka wako mchana, umechoka, ukasikia chini ya sikio lako: dung, kimya, dung. Shangazi alikuwa anaguna tu na kugeukia upande wa pili. "Ni bantu wanatafuta chakula," alisema, yaani ni watu tu. Mimi nilikaa kitako mpaka sauti ipite.

Mume wangu nilimpata huko. Yeye na mdogo wake walikuwa na shimo walilorithi kwa baba yao, na walichimba kwa miaka bila kuona kitu cha maana. Halafu wakaukuta mshipa. Nakumbuka jioni ile alivyokuja, akala huku mguu wake ukitikisika. Kabla wiki haijaisha maji yaliingia kutoka chini, yakapanda na kupanda, wakachota kwa ndoo mpaka mikono ikavimba, wakashindwa. Muda si mrefu watu wenye silaha walifika mlimani, na sisi tukashuka kwenda ziwani pamoja na wengine. Mdogo wake alikataa kuvuka. Alisema atalilinda shimo.

Hayo yote mume wangu hakuwahi kuyazungumza Louisville. Sasa alikuwa amesimama dirishani na picha ya mwalimu, akauliza swali la pili.

"Dhahabu yenu iliisha?"

"Haikuisha," alisema mwalimu. "Maji ndiyo yaliwashinda. Chini bado ipo."

Kisha mwalimu akatusimulia alivyokua kule, baada ya watu wote kuhama. Mama yake aliwakataza watoto kutoka nje ya njia, kwa sababu nyasi zilikuwa zimefunika midomo ya mashimo ya zamani. Ng'ombe walipotea. Wakati mmoja mbwa wa jirani alisikika akibweka chini ya ardhi, siku ya kwanza na ya pili, na hakuna aliyeweza kujua ni shimo lipi kati ya mengi. Mwishowe akanyamaza. Mama yake alifunga madirisha yote siku zile ingawa kulikuwa na joto.

Mimi nilizikumbuka zile sauti chini ya mkeka wangu. Mume wangu sehemu hiyo hakuisikia. Ndani ya basi, tukirudi nyumbani, alisema peke yake, "Ni maji tu. Donc basi, mulima haukutukataa. Ni maji tu."

Tangu siku ile alibadilika. Hakukasirika, wala hakunywa pombe. Ingekuwa rahisi kama ningekuwa na cha kumshika nacho. Alienda kazini, akarudi, akakaa na watoto mbele ya televisheni. Lakini ukimwita alichelewa kuitika, kama mtu anayetoka mbali. Alianza kuzungumza na mdogo wake kwenye simu kila asubuhi kabla ya zamu, maana kule ilikuwa saa za mchana. Nikiingia jikoni alipunguza sauti.

Wakati wa kiangazi tulienda Columbus kwenye harusi. Baba mdogo wa mume wangu aliishi huko miaka mingi kabla yetu. Alikuwa na gari mbili na sauti kubwa kanisani. Watu walipokuwa wakicheza, nilimkuta yeye na mume wangu katika gereji, wamesimama mbele ya mashine mpya ya kuvuta maji, bado ina plastiki yake.

"Mama, karibu," alisema yule mzee. "Bon, hii pompe inakunywa mutoni kama tembo. Mwezi kesho inapanda meli."

"Inakwenda wapi, baba?"

"Kwenye shimo ya kaka yangu. Ile shimo ni ya ukoo, siyo ya maji."

Nilimtazama mume wangu. Yeye alikuwa akiitazama mashine.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza kama anafikiri kwenda. Alisema hapana. Baadaye kidogo, watoto wakiwa wamelala kwenye kiti cha nyuma, alisema, "Siko naenda kuchimba. Niko naenda kuwaonyesha mashine tu. Mudogo yangu hajui mashine."

"Tulikimbia kule. Umesahau tulikimbia?"

"Sijasahau. Lakini Mama, wewe unasafisha wazee, mimi nabeba maboksi. Baba yangu alikufia ile kazi, na kitu alikuwa anatafuta tumekiacha tumekiona kwa macho."

Niliita wazee wa kanisa wakaja wakaongea naye. Aliwasikiliza kwa heshima, akawasindikiza mpaka kwenye gari. Mwaka uliofuata, baada ya kupata hati ya kusafiria, aliondoka. Alipitia Dar es Salaam, akapanda treni mpaka Kigoma, akavuka ziwa kwa mtumbwi wa injini. Watoto niliwaambia baba ameenda kumsalimia mdogo wake. Mkubwa aliniuliza kwa Kiingereza kama baba atarudi, na mimi nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiingereza nilishindwa kudanganya.

Mwanzoni alipiga simu mara nyingi. Mashine ilifika, ikabebwa mlimani na wanaume kwa miti, ikawaka. Maji yalianza kushuka. Nilimsikia kwenye simu akiwa na sauti ya ujana wake, ile niliyoisikia wakati alipokuwa anakuja kununua fufu na kukaa zaidi kuliko ilivyohitajika. Kisha mtandao ukawa wa shida, akawa anatuma picha tu.

Picha moja ilinifikia nikiwa kazini, namlisha bibi mmoja uji. Mume wangu alikuwa amesimama mdomoni mwa shimo, buti mpaka magotini, mkono kwenye bomba la mashine. Mdogo wake alikuwa nyuma yake na taa kichwani, anacheka. Nyuma yao wote wawili mlima ulikuwa visiki. Nilipoondoka mimi kulikuwa bado na msitu upande ule. Niliiangalia mpaka bibi akanigusa mkono, akidhani nimemsahau.

Jumamosi nilimwonyesha mwalimu. Alivaa miwani yake, akaishika simu karibu na uso. Hakusema picha ni nzuri, kama alivyokuwa anasema kwa kila kitu tulichomletea. Alinirudishia simu.

"Mwambie arudi," alisema.

Nilimwambia. Aliniandikia kwamba wamebakiza kidogo.

Nilianza kuongea zaidi na mke wa shemeji yangu, yule mdogo wake mume wangu. Naye alikuwa akiuza chakula kule kambi ya dhahabu, kama shangazi yangu zamani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, asiyependa kutisha watu, na ndiyo maana maneno yake yalinitisha.

"Dada, juzi nimemwaga maji ya maharagwe nyuma ya nyumba," alisema. "Hayakutiririka."

"Yalikwenda wapi?"

"Yalizama. Nilisikia yanashuka. Kama mtu anakunywa."

Nikamuuliza kama amewaambia wanaume. Alisema amewaambia, na mumewe amemwambia ahamishe jiko. Amelihamisha. Majirani wawili nao wamehamisha yao. Njia ya kwenda mtoni ilikuwa imepasuka, mwanzoni upana wa kidole, sasa watoto wanairuka kwa mchezo.

"Na wao bado wanashuka?"

"Wanashuka. Mashine inafanya kazi muzuri sana, dada. Shimo imekauka kabisa."

Alisema hivyo kama mtu anayetoa habari ya msiba. Sikuwa na elimu ya miamba, lakini nilikuwa nimeishi juu ya mlima ule, na nilijua kwamba maji yaliyokaa ndani yake miaka yote yalikuwa yanashikilia kitu. Nilimpigia mume wangu mpaka simu yangu ikaishiwa chaji. Yake haikupatikana.

Mvua zilianza kule. Asubuhi moja nilikuwa nawavalisha watoto makoti, basi la shule likiwa limeshapiga honi kona ya chini, simu ikaita. Alikuwa mke wa shemeji.

"Mulima umeshuka," alisema.

"Nani alikuwa chini?"

Nilisikia upepo, na watu wengi wakiongea kwa pamoja, na mbali kabisa sauti ya vyuma vikipiga mawe, haraka haraka, siyo mdundo wa kutwanga. Halafu nikasikia mtu akipumua kwenye simu.

"Ni mimi," alisema mume wangu.

Furaha ilinijia kabla sijaweza kuizuia, na nyuma yake nikaelewa. Kama aliyeshika simu ni yeye, basi aliye chini ni mwingine, na simu aliyoishika ni ya mke wa huyo mwingine, na mke mwenyewe amesimama hapohapo anatusikia. Watoto walinishika sketi. Nikawaambia waende kwenye basi.

Walichimba kwa mikono na kwa majembe mpaka ardhi ilipoanza kusogea tena, wakafukuzwa na wakubwa wa kambi. Hawakumpata shemeji yangu wala wenzake waliokuwa naye. Mchungaji aliombea juu ya mteremko mpya, akiwa amesimama mbali kidogo.

Mume wangu alirudi Louisville baada ya matanga. Nilimpokea uwanja wa ndege. Begi lake lilikuwa jepesi, na viatu vyake vilikuwa bado na udongo ule mwekundu kwenye mishono. Watu wa kanisa walikuja kutupa pole, walileta sambaza, yaani dagaa wa kwetu, za kukaanga na ndizi, waliimba vizuri. Lakini daima kulikuwa na mmoja aliyebaki nyuma wakati wa kuaga, akasogea karibu na kuuliza kwa sauti ya chini: na dhahabu, mliiona? Baba mdogo wa Columbus naye alipiga simu kuuliza mashine iko wapi. Mume wangu alimwambia iko pale ilipo, akaweka simu mezani taratibu.

Hakurudi ghalani. Binamu yangu wa Buffalo alisema kwao nyumba ni rahisi na viwanda vinaandika watu, basi tukahama kabla ya majira ya baridi. Tulipanga nyumba ndogo ya mbao huko Riverside, karibu na mto Niagara. Mume wangu alipata kazi kwenye kiwanda cha mikate, zamu ya asubuhi. Hapakuwa na mtu aliyemjua. Nilifikiri labda hiyo itamsaidia.

Nyumba za Buffalo zina chumba chini ya ardhi, besimenti, na humo ndimo hita ya nyumba nzima inakaa. Mume wangu hakushuka huko hata siku ya kuhamia. Maboksi niliyashusha mimi. Hakutoa sababu, na mimi sikuuliza. Nilipanga tu mambo yetu ili asihitaji kushuka.

Jumapili moja, tumetoka kanisani, tulikuta nyumba imepoa. Hita ilikuwa imezimika. Nje theluji ilikuwa imefika kwenye madirisha ya chini. Nikachukua tochi, nikafungua mlango wa ngazi, nikashuka. Mume wangu alisimama juu, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango.

"Uko?" aliita.

"Niko."

Nilianza kutafuta kile kitufe cha kuwashia. Chini palikuwa na unyevu, na kwenye pembe moja maji yalikuwa yanapenya ukutani na kutambaa sakafuni.

"Uko?"

"Niko, Baba. Ngoja kidogo."

Nilipiga magoti, kichwa karibu na mashine, ikawa inanguruma na kukata. Nadhani aliita tena na sikusikia. Nilichosikia baadaye kilikuwa kelele, jina langu la nyumbani, lile ambalo hajalitumia tangu tuzae, analiita na kuliita. Nilipanda ngazi mbio. Alikuwa ameketi kwenye sakafu ya jikoni, bado amevaa koti lake la kanisani, na watoto walikuwa wamesimama karibu na ukuta.

Niliwapeleka watoto chumbani. Nikakaa chini naye. Ndipo alipozungumza juu ya siku ile ya mlima, kwa mara ya kwanza.

"Aliye juu anaita," alisema. "Aliye chini anaitika. Ndiyo sheria. Niliita, akaitika. Niliita tena, akaitika, akasema, kaka, huku kunatoka upepo. Upepo, Mama. Chini ya mulima upepo unatokea wapi? Nikamwambia panda. Nikaita. Nikasikia mashine tu."

"Ungeweza kufanya nini?"

"Nilizima mashine, nisikie vizuri. Nilipoizima ndipo yote ilishuka."

Nilimwambia mashine haikuhusika, ilikuwa ni mvua na ni ile miti iliyokatwa. Nilimwambia mara nyingi, siku ile na siku zilizofuata. Anatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayemkubalia mgeni.

Sasa nikishuka besimenti anasimama mlangoni na anaita, na mimi naitika kila mara, hata nikiwa na vibanio vya nguo mdomoni. Watoto wamezoea. Anaenda kiwandani, anarudi na mikate ya jana, anawasaidia kazi za shule za hesabu. Usingizi umeanza kurudi.

Jumamosi tunampigia mke wa shemeji. Mume wangu hupenda mimi nianze. Mara ya mwisho nilimuuliza huyo mke wa shemeji kama atashuka kutoka kule, aende kwa ndugu zake katika mji wa Baraka, kando ya ziwa. Alisema bado. Alisema wakubwa wa kambi wameruhusu watu kuchimba tena, wamefungua shimo jipya pembeni ya lile, wameingia kwa ubavu, na wanasema mshipa ni uleule.

"Wewe unafanya nini huko, dada?" nilimuuliza.

"Ninawapikia," alisema. "Bantu wanakula."

Nyuma ya sauti yake wanawake walikuwa wakitwanga mawe. Nikampa mume wangu simu.